Taa za Njano

Juzi jioni, tukiwa tumeketi juu ya mawe kule Kirumba, Mwanza, kando ya ziwa, binti yangu aliitazama mitumbwi ya dagaa ikiwasha taa moja baada ya nyingine, kwa kuwa zilikuwa siku za giza, kisha akaniuliza, "Mama, mbona kwenye kitabu chako taa ni za njano?" Taa zilizokuwa mbele yetu zilikuwa za sola, nyeupe pe, nami sikuwa na jibu fupi.

Nilipokichorea picha kitabu hicho, mchapishaji alikuwa na fedha za rangi mbili tu, nyeusi na nyingine ya kuchagua, kwani kila rangi hudai bamba lake la kuchapia. Nilichagua bluu bila hata kujiuliza, maana ziwa ni bluu, nani asiyejua? Fahari yangu ilikuwa ukurasa wa usiku: giza lililokolea, maji ya bluu, na taa za karabai nilizoziacha ziwe weupe wa karatasi yenyewe.

Kabla ya kuchapa tuliwapelekea michoro watoto wa darasa la pili. Mvulana mmoja, ambaye mwalimu wake alininong'oneza kuwa baba yake huvua dagaa, aliweka kidole juu ya taa ya kwanza, akakiinua, akakitazama, akakiweka juu ya ya pili, kama mtu anayepima sufuria iwapo imekwisha kupoa. Alifika hadi ya saba. Ndipo akasema taratibu, bila nia yoyote ya kuniudhi, "Mwalimu, hawa wamezimikiwa."

Bluu ikatoka, njano ikaingia. Kwa kuwa wino wa njano hauonekani juu ya mweusi, kila taa ilibidi iachiwe tundu katika giza, na pale karatasi ilipokaa upande kidogo mashinini, njano ilihama tundu lake ikaacha ukingo mweupe mwembamba kama mwezi mwandamo. Kurasa za mchana sipendi kuzizungumzia: dagaa wa njano juu ya mchanga wa njano, na ziwa la kijivu cha vitone vyeusi mwanzo hadi mwisho.

Binti yangu alinisikiliza hadi mwisho, akayarudisha macho ziwani. "Basi zile taa za kwanza ndizo zilizokuwa sawa," alisema.

Nikamwambia kumekuwa usiku, turudi nyumbani tukapike.