Supu ya Jumapili na pesa za Brussels

Jumapili iliyopita nusra chakula kimwagike mezani kwa sababu ya bajeti ya Umoja wa Ulaya, na mimi mtoto wa Kinango, kule Kwale pwani ya Kenya, nikiwa katikati na kijiko mkononi. Wacha niwapangie vizuri manake hii stori ina mambo.

Niko Lublin, mashariki ya Poland. Nilikuja 2018 kusoma, nikamaliza, nikabaki. Kazi yangu ni kulea wazee majumbani kwao (sio nesi jamani, nyumbani wameshaniita nesi mpaka nimechoka kusahihisha). Kuna nyanya mmoja kijijini namwendea mara tatu kwa wiki, yeye na mzee wake, nampima presha, nawapikia, napanga vidonge kwenye kile kisanduku cha vyumba saba, alafu kabla sijaondoka natoa karatasi ya masaa nyanya anatia sahihi, mkono unatetemeka lakini hataki nimshikie kalamu. Juu ya hio karatasi kuna bendera ya buluu na nyota kumi na mbili za dhahabu. Manake sehemu kubwa ya mshahara wangu inatoka Mfuko wa Kijamii wa Ulaya, unapitia mkoa, unafika kwa mradi, ndio unanifikia mimi.

Bendera hio hapa iko kila mahali kama vile picha ya rais kwa maduka ya kwetu. Kwenye mabasi ya umeme yale ya waya juu, kwenye stesheni kubwa mpya ya mabasi waliyofungua 2024, kwenye barabara ya kwenda Warsaw, ata kwenye uwanja wa watoto kucheza. Tangu Poland iingie kwenye Umoja tarehe 1 Mei 2004 hakuna nchi imevuta pesa nyingi za maendeleo ya mikoa kuishinda, kwa kipindi hiki cha 2021 mpaka 2027 peke yake wametengewa kama euro bilioni 76. Mkoa wetu huu ni katika ile inaitwa iliyobaki nyuma, yaani pato la kila mtu haliifikii asilimia 75 ya wastani wa Ulaya, na mikoa ya namna hio Brussels, yaani makao makuu ya Umoja, inaweza kuwalipia mpaka 85 kwa kila euro 100 za mradi, wao watafute zilizobaki.

Sasa Jumapili. Nyanya alinialika kula, sio kazi, mgeni. Jumapili hapa lazima rosół, supu ya kuku nyepesi ina tambi nyembamba, imechemka tangu alfajiri. Na kijana wao alikuwa amekuja na gari kutoka Rotterdam, kule yuko miaka mingi, anafanya kazi bandarini. Mtu wa miaka hamsini lakini mamake bado anamwekea chakula kwa sahani kama mtoto wa shule.

Kilichowasha moto ni kibanda cha basi. Pale njia panda wamejenga kibanda kipya cha vioo, benchi la mbao, kibao cha buluu chenye nyota, kinapendeza wallahi. Basi ndilo hakuna. Ratiba imebandikwa, safari mbili kwa siku, zote mbili siku za shule peke yake, shule ikifungwa ndio basi tena. Kampuni za mabasi ya zamani zilikufa vijiji vingi tu huku na Wapoland wenyewe wanalilia hio kitu. Mimi huja na lifti ya mwenzangu wa kazi.

Kijana akaanza, mimi nakatwa kodi Uholanzi, pesa inaenda Brussels, Brussels inaileta huku mnajengea kibanda kisicho na basi, si afadhali wangeniachia mfukoni. Mamake akamwambia kibanda hicho ndio napumzikia nikitoka kanisani. Kijana akasema basi mungenunua kiti. Weee! Mzee akaweka kijiko chini.

Nikiwa mkweli nusu ya maneno ya yule jamaa ni kweli na nusu ni kelele. Uholanzi wanatoa kuliko wanachopata, hilo sawa. Mwaka 2020 mwezi wa saba viongozi wote 27 walifungiana Brussels kuanzia tarehe 17 mpaka alfajiri ya 21, Rutte, waziri mkuu wa Uholanzi wakati huo, pamoja na Austria, Uswidi na Denmark wakiwa ndio wale wabanaji, wakalazimisha zile ruzuku za kufufua uchumi baada ya korona zikatwe kutoka euro bilioni 500 mpaka 390. Alafu juu ya hapo wakapewa punguzo lao la mchango, Uholanzi peke yake karibu bilioni 2 kila mwaka. Mchezo huo wa punguzo aliuanza Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza, 1984 kwenye mkutano wa Fontainebleau kule Ufaransa, Uingereza imeshatoka mlangoni lakini tabia wameiacha ndani ya nyumba.

Na kuna kitu kimoja nilimwambia yule kijana akanyamaza kidogo. Ushuru wa forodha wa mizigo ikishuka Rotterdam ni mali ya Umoja wote manake hio mizigo inakwenda Ujerumani, inakwenda Poland, inakwenda kila pembe. Lakini nchi inayokusanya inabaki na asilimia 25, ati gharama ya kukusanya. Hio pia ni pesa na haisemwi kwenye hesabu ya "sisi tunatoa tu". Mimi ni mtu wa pwani bana, mambo ya bandari usinieleze. Kwetu Mombasa watu wamelia miaka na miaka kwamba makontena yanashuka hapa na pesa zinapanda Nairobi, sisi tunabaki na vumbi la malori. Laiti tungekuwa tunaachiwa robo!

Nyanya akasema, naye Afrykanka (yaani mimi, Mwafrika) aseme, kwao wanagawana vipi. Ndio ikawa zamu yangu.

Nikawaambia mwaka huohuo wa 2020, wao wakigombana Brussels, Seneti ya Kenya ilikuwa imekwama vilevile na kitu kilekile. Nilikuwa nimefungiwa chumbani hapa Lublin na korona nikawa nasikiliza zote mbili kwa simu. Kaunti 47, pesa moja, fomula mpya. Wale wa kaunti zenye watu wengi wanasema pesa ifuate watu, mtu mmoja shilingi moja. Wale wa kaunti pana na kavu, kaskazini na sisi wa pwani, wanasema mkihesabu vichwa tu mtatumaliza, manake zahanati kwetu ni kutembea nusu siku. Kwale yetu ilikuwa kwa orodha ya watakaopoteza. Kila wakikaa wanaahirisha, mwezi wa nane maseneta watatu wakakamatwa na polisi asubuhi ya kupiga kura, ikawa sarakasi. Mwisho wakaelewana tarehe 17 Septemba, na walielewana vipi? Waliongeza shilingi bilioni 53 na nusu kwa mwaka unaofuata kutoka 316.5 mpaka 370, ili asiwepo wa kupunguziwa.

Mzee ndio akacheka sasa, kwa mara ya kwanza siku ile. Akasema Brussels ni hivyohivyo, hawamalizi mpaka kila mmoja apate cha kwenda kuonyesha nyumbani.

Lakini mzee naye nilimuona. Muda wote wa kusema mikoa na wazee na mabasi alikuwa kimya, ilipotajwa kilimo akawa macho. Ana hekta zake chache na kila mwaka anaingiziwa malipo ya ardhi. Angalieni hesabu: kwa hii bajeti ya 2021 mpaka 2027, kilimo kina kama euro bilioni 387, mikoa yote na jamii zikiwekwa pamoja bilioni 392, na ndani ya hizo ule Mfuko wa Kijamii ni kama 99. Yaani mafunzo ya wasio na kazi, watoto maskini, walemavu, wazee wa kuogeshwa, wote wamerundikwa kwa fungu ambalo ni robo ya kile kinachopewa wakulima. Na huo mfuko ndio mkongwe wao, uliandikwa kwenye mkataba wa Roma 1957, ule wa mikoa umekuja 1975. Ila mkulima ana trekta, anaweza kulifunga Brussels siku nzima. Nyanya wangu atafunga barabara na nini, kigari chake cha kutembelea?

Hapa ndio nina maneno yangu na niwaseme kidogo wenyeji wangu. Wamependa mno vitu vya kukatiwa utepe. Barabara unaipiga picha, stesheni unaipiga picha, mwanamke mweusi akikata kucha za mguu za bibi wa miaka 84 hakuna waziri atakuja. Na barabara zile nzuri ndio vijana walipitia kuondoka, huyu wa Rotterdam mwenyewe shahidi, kijijini pale nyumba tatu zinazofuatana zimefungwa. Sisemi barabara mbaya, mimi nimetoka Kinango najua mvua ikinyesha inakuwaje. Nasema mwishowe unabaki na kibanda cha vioo na bibi amekaa ndani yake anangoja.

Nikawaambia na kitu cha pili kutoka kwetu. Katiba ya 2010 ilitengeneza mfuko wa usawazishaji, nusu asilimia ya mapato ya taifa iende maeneo yaliyosahaulika, maji, barabara, zahanati, stima. Kaunti 14 zikatajwa na Kwale imo. Kwa karatasi ni kitu kizuri ata Ulaya hawana sentensi nzuri kama ile. Lakini pesa ilishikwa juu, mara miongozo iko kotini, mara haijatolewa, ikawa inakuja kwa kuchechemea. Tofauti niliyoiona hapa ni kwamba mkoa una meza yake. Wakubwa wa Warsaw hawapendi saa zote lakini mkoa una programu yake yenyewe, una pesa zimeandikwa jina lake kwa miaka saba. Ata walifanya ujanja mmoja niliupenda: Warsaw ilikuwa imetajirika mpaka wastani wa mkoa wake mzima ukapanda, vijiji vya huko pembeni vikaonekana vimetajirika kwa makaratasi. Wakaigawa Mazovia, ndio huo mkoa wa Warsaw, mara mbili kwa takwimu, kuanzia 2018, Warsaw na majirani zake upande mmoja, maskini upande mwingine, ili hao wasikose fungu lao. Hesabu nairobi peke yake uone sisi tungekuwa wapi.

Ndio maana lile pendekezo la Julai 2025 lilinishtua kuliko vile limewashtua wao. Tume ya Ulaya, ile inayoendesha shughuli za Umoja, yaani rais wake von der Leyen na watu wake, wamependekeza bajeti ya 2028 mpaka 2034 inayokaribia euro trilioni 2. Ndani yake kilimo na mikoa na jamii viingizwe kapu moja, kila nchi iwe na mpango wake mmoja mkubwa, 27 kwa jumla, kama bilioni 865. Kwa upande wa jamii wanasema isipungue asilimia 14. Bunge la Ulaya na mikoa wamepiga kelele, wakulima pia, na mwisho lazima nchi zote 27 zikubali, ikikataa moja basi. Wanaolitetea wanasema litapunguza makaratasi. Inawezekana, makaratasi yao mimi nayajua, kuna mwezi nilisubiri mshahara sababu tu sahihi moja ilikuwa kwa mstari mwingine. Lakini kapu moja linashikwa na nani? Makao makuu. Na siku makao makuu wakichagua kati ya trekta na bibi, tumeshajua.

Alafu kuna vita. Mpaka wa Ukraine uko jirani tu, 2022 huu mji ulijaa wakimbizi nikawasaidia stesheni na Kipoland changu cha kuvunjika. Mwaka 2025 wakaruhusu sehemu ya pesa za mikoa zihamishiwe mambo ya ulinzi. Kijana wa Rotterdam akaona amepata pointi, akasema ona, ata wenyewe wanajua mabasi sio muhimu. Nyanya akamjibu pole pole, hakupandisha sauti. Alisema yeye alizaliwa vita ikiwa inaendelea, mizinga anaijua, lakini hao mnaowalinda wawe wapo.

Hapo hapakuwa na wa kujibu. Kikaja kile kipande cha nyama cha kukaangwa na viazi, tukala.

Kijana alinirudisha mjini na gari yake. Tukapita pale kibandani akapunguza mwendo, akakitazama, akasema kioo kimoja kimeshavunjwa. Baadaye akaniuliza kama naweza kuongeza siku kwa mamake, badala ya tatu ziwe tano, yeye atalipa hizo mbili. Nikamwambia mradi unaisha mwakani, hatujui kama utaendelea. Akauliza inategemea nini. Nikamwangalia tu.

Jumatatu nikatoa karatasi ya masaa kama kawaida. Nyanya akavaa miwani, akaniambia andika na jana, masaa manne. Nikamwambia babciu (ndio bibi kwa Kipoland), jana nilikuwa mgeni, haimo. Akabishana na mimi dakika tano nzima kisha akatia sahihi, akanisukumia bakuli la rosół iliyobaki niende nayo.