Hoteli ya Memphis Isiyokuwa Memphis

Naanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu ndilo lililokula fedha nyingi kuliko tiketi ya basi lililonitoa Chicago. Nilipotafuta malazi kwa simu niliona hoteli iliyoko West Memphis ikiwa nusu ya bei ya zile za mjini, nikajiona mjanja. Kwetu Tanga, mtu wa Ngamiani Kusini bado ni mtu wa Ngamiani. Kumbe West Memphis si upande wa magharibi wa Memphis hata kidogo: ni mji mwingine katika jimbo jingine, Arkansas, na kati ya miji hiyo miwili unapita mto Mississippi, mpana, wenye rangi ya chai ya maziwa. Niliyagundua hayo saa nne usiku, begi likiwa begani. Msichana wa mapokezi, bila hata kuinua macho, alinieleza kwamba hakuna basi la kunivusha asubuhi na kwamba wageni wengi hukosea vivyo hivyo. Laiti tangazo la hoteli lingelisema hilo kabla ya kupokea fedha yangu.

Kwa siku tatu, basi, nilivuka daraja kwa teksi mara mbili kila siku, dola ishirini na tano kwenda na nyingine kama hizo kurudi, ukiacha bakshishi ambayo huko haiepukiki. Chumba cha bei nafuu kikageuka kuwa ghali kuliko vyote nilivyokuwa nimevikwepa. Faida moja tu niliipata katika hasara ile, nayo ni dereva. Alikuwa mzee mwenye kofia ya besiboli, mwenye sauti ya kukwaruza, na heshima niliyolelewa nayo nusura initoe shikamoo mdomoni kila alipofungua mlango. Alipojua kwamba nilikuwa naenda Lorraine, moteli alikouawa Martin Luther King, alipunguza mwendo, akaanza kusimulia, na tangu hapo sikuipigia hesabu tena saa ya nauli.

Mwaka 1968 alikuwa na umri wa miaka tisa. Anachokumbuka kwanza ni harufu, kwa sababu wazoataka wa mji, takriban watu 1,300, karibu wote weusi, waligoma tangu tarehe 12 Februari, na taka zikarundikana mbele ya nyumba. Siku chache kabla, tarehe 1 Februari, wenzao wawili, Echol Cole na Robert Walker, walikuwa wamejikinga na mvua ndani ya tumbo la gari la taka. Mtambo wa kukandamiza ukawashwa kwa hitilafu, ukawasaga. Meya Henry Loeb alikataa kukitambua chama chao cha wafanyakazi. Mzee alinieleza kwamba baada ya maandamano ya tarehe 28 Machi kuvurugika, askari walijaa mjini na watu wakakatazwa kutoka usiku, naye akalichungulia gari la deraya kwenye kona ya mtaa wao mpaka mama yake alipomvuta dirishani kwa sikio. Nilimwuliza redioni walikuwa wakisikiliza nini usiku zile. Akacheka, akasema WDIA, kituo cha Memphis kilichokuwa cha kwanza Marekani kuelekeza vipindi vyake vyote kwa watu weusi, na kwamba wimbo uliokuwa haukauki hewani ulikuwa ule wa Otis Redding wa mtu aliyeketi gatini.

Hapo ikabidi na mimi nisimulie, maana wimbo huo ndio ulionipeleka Memphis. Mjomba wangu alikuwa kuli katika bandari ya Dar es Salaam miaka hiyo, na kwa kuwa katika Kiingereza chote cha wimbo ule alilielewa neno moja tu, gati, aliamini kwamba umeimbwa kwa ajili ya makuli. Alinunua santuri yake kwa mshahara wa siku kadhaa. Novemba 1969 mkuu wa mkoa wa Pwani alipopiga marufuku mjini muziki wa soul, yaani ule wa Wamarekani weusi kama Redding, katika majira yale yale ambapo sketi fupi, mawigi na suruali za kubana zilikuwa zikiwindwa mitaani kwa jina la utamaduni wetu, mjomba aliificha santuri chini ya godoro. Akalala juu yake miezi mingi, ikapata mkwaruzo, na mpaka leo ninavyoujua mimi wimbo huo huruka kila unapofika kwenye mluzi wa mwisho.

Mwenyewe sikuwa nimejua kwamba wimbo ule, uliotoka Januari 1968 baada ya mwimbaji kufa katika ajali ya ndege tarehe 10 Desemba 1967, ndio ulioongoza Marekani nzima majuma yale ya Machi ambapo wazoataka waliandamana na mabango yao ya kusema kwamba wao ni watu. Ulirekodiwa katika kampuni ya muziki ya Stax, kwenye sinema kuukuu ya barabara ya McLemore iliyogeuzwa studio na Jim Stewart na dada yake Estelle Axton. Jengo la asili lilibomolewa mwaka 1989, na lililopo sasa ni makumbusho, nakala iliyofunguliwa 2003, lakini sakafu ya studio wameiinamisha kama ilivyokuwa ya sinema, na nilipotembea juu yake niliona miguu yangu ikienda yenyewe kuelekea mahali palipokuwa na pazia. Wanamuziki wa hapo, weusi na weupe, walikuwa wakienda kula na kuogelea Lorraine kwa sababu kwingine mjini hawakuweza kuketi pamoja. Huko huko, kwenye roshani mbele ya chumba namba 306, ndiko Martin Luther King, aliyekuja kuwaunga mkono wagomaji, alikopigwa risasi tarehe 4 Aprili. Moteli sasa ni makumbusho. Nilisimama mbele ya kioo cha chumba hicho, kitanda hakijatandikwa, na nyuma yangu watoto wa shule walikuwa wakigombania nafasi ya kupiga picha. Kiingilio cha sehemu zote mbili sikisemi. Wenye moyo dhaifu wasibadilishe kwa shilingi.

Usiku wa mwisho nilikuwa nikifikiria yale marufuku ya 1969. Waliokataza walisema wanatukinga na uchafu wa Marekani, na sina shaka kwamba wengi wao waliamini hivyo; lakini hakuna aliyemwuliza kuli aliyelalia santuri yake alisikia nini ndani yake, na labda alikuwa amewasikia wazoataka wa Memphis kuliko waliojua Kiingereza chote.

Dukani Stax nilinunua santuri mpya ya wimbo ule, kisha nikampigia mjomba simu saa kumi jioni, nikisahau kwamba Tanga ilikuwa usiku wa manane. Hakukasirika. Aliuliza kama kwenye mluzi inaruka. Nikamjibu kwamba ni mpya, haiwezi kuruka. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza teksi za kuvuka mto zimenigharimu kiasi gani.