Jioni niliyoachiwa kuziba ndiva

Kwa kina mama ni Upareni, juu kabisa milimani Same, ule upande wa Vudee. Ukisimama uwanjani kwa babu unaiona tambarare ya Makanya kule chini imekauka, mkonge na vumbi, wakati huku juu ni ukungu na migomba na baridi ya kuvaa masweta mawili. Watu wengi wakisikia Upare wanawaza makande, mimi nawaza ndiva.

Ndiva ni bwawa dogo la udongo. Usiku kucha maji ya kijito yanaingia taratibu kwa mfongo, yaani mfereji, alfajiri limejaa, ndo mwenye zamu anazibua tundu la chini na maji yanashuka kwa nguvu mpaka shambani kwake. Bila hivyo, kiangazi kile kijimaji kingenywewa na udongo njiani kabla hakijafika kwa mtu. Wazee walichimba hivi vitu kwa jembe kabla hata Mjerumani hajafika na nawaheshimu sana kwa hilo.

Nilikuwa darasa la tano, likizo ya mwezi wa sita. Zamu yetu ilikuwa Jumanne. Jioni tumemaliza, babu mguu unamuuma, akaniambia, "Nenda kazibe, udongo ukishika ndo uje." Nikaweka jiwe, nikalizungushia majani makavu ya mgomba, nikashindilia udongo wa mfinyanzi. Pembeni kakabaki kamchirizi kembamba kama kidole cha mtoto. Nilikaona kabisa. Lakini giza lilishaingia, vidole vimekufa ganzi, na moshi wa jikoni kwa bibi nausikia mpaka pale, nikasema kataziba kenyewe tu, nikaondoka.

Asubuhi nikaamshwa na sauti za watu. Ndiva tope tupu, vyura wanarukaruka, maji yameula udongo usiku kucha mpaka tundu limekuwa la kupitisha kichwa. Mwenye zamu ya Jumatano alikuwa bibi mmoja mjane, maharage yake ndo yametoa maua, na harage likikosa maji kwenye ua hapo umeshakosa mboga ya mwaka. Alisimama na jembe begani, kanga kichwani, hasemi kitu. Mgawa maji akauliza nani kaziba jana.

Babu akasema, "Mimi."

Nilitaka kuongea mdomo ukagoma. Wakakubaliana pale pale, kila mtu asogezwe siku moja, na siku iliyopotea ikatwe kwetu, maana yake Jumanne inayofuata sisi hatuna maji, tunasubiri mpaka ile nyingine. Wiki mbili za jua. Babu akaitikia, akavua viatu akaingia kwenye tope na mguu wake ule mbovu, na mimi nyuma yake, tukakanyaga udongo mpaka saa sita mchana bila kusemeshana. Alhamisi akanituma kwa yule bibi nikamwongozee maji kwenye matuta. Tulipomaliza bibi akanipa makande kwenye bakuli la bati, akasema, "Kula mjukuu wangu, umechoka," nikala huku machozi yananidondoka humo humo.

Maharage yetu yalianza kupukutisha maua wiki iliyofuata. Kila asubuhi nilikuwa napita kuangalia, chini ya kila shina maua meupe yamelala yamesinyaa. Babu alikuwa anayaona pia, anapalilia tu. Hakuwahi kunigombeza, na mpaka leo sijui kama yule bibi mjane aliambiwa ukweli.

Jumanne yetu ilipofika tukamwagilia yale yaliyobaki. Jioni nikajua ataenda mwenyewe kuziba, nikaona ananinyooshea jembe. "Nenda kazibe." Nikaenda. Nilikaa pale giza zima, naongeza udongo, nashindilia, napitisha kiganja chini ya lile jiwe, nasubiri, napitisha tena, mpaka mkono ukatoka mkavu.