Nilivyochagua cheti cha kupiga mbizi nikiwa Mbeya

Ukiwa Mbeya ukisema unataka kujifunza kupiga mbizi na mtungi wa hewa mgongoni, ujiandae kuchekwa. Shangazi yangu wa Tukuyu aliniuliza samaki wa Matema, pale Ziwa Nyasa, wamenikosea nini mpaka niwafuate wa Zanzibar.

Kazi ilianza kwenye herufi za mashirika yanayotoa vyeti vya kupiga mbizi: PADI, SSI, NAUI, CMAS. Mitandaoni kila shirika lina wapenzi wake, wanabishana kama Simba na Yanga. Nikasoma kwamba CMAS ilianza 1959, Jacques Cousteau, yule mpiga mbizi maarufu wa Ufaransa, akiwa rais wake wa kwanza, NAUI ikafuata 1960, PADI 1966, SSI 1970. Historia tamu, ila haichagui cheti.

Kilichonituliza ni kujua kuwa kozi ya mwanzo ya PADI na ya SSI, zote zikiitwa Open Water Diver, zinafuata kiwango kimoja cha kimataifa, ISO 24801-2. Kote unaogelea mita 200 na kuelea dakika 10, na ukifaulu unaruhusiwa kushuka hadi mita 18 pamoja na mwenzako. Kadi, yaani cheti chenyewe, ya shirika moja inapokelewa kwa jingine. Tofauti niliyoiona ina maana ni kwamba mwalimu wa PADI anaweza kufundisha kwa kujitegemea, wa SSI anafundisha kupitia kituo.

Basi nikaacha mashirika, nikaanza kuwachuja walimu kwa WhatsApp. Mwalimu mmoja anachukua wanafunzi wangapi? Bei ina kadi, masomo na vifaa ndani yake? Mnafundisha kwa Kiswahili? Na swali ambalo mtu wa Dar hana haja nalo: nitarudije nyumbani?

Ukipiga mbizi, naitrojeni inayeyuka mwilini, na ukipanda sehemu za juu, kwa ndege au mlimani, kabla haijatoka, inaweza kutoa mapovu ya hatari. Kwa wanaosafiri kwa ndege, ushauri ni kungoja angalau saa 12 baada ya mbizi moja, na saa 18 ukiwa umepiga kadhaa. Sasa basi letu linapanda Kitonga, linapita Iringa, linakuja kutushusha Mbeya, mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kituo kimoja kilinijibu, “Basi siyo ndege, panda tu.” Nikakifuta. Mwalimu mmoja wa Kipemba akaniuliza kwanza njia yangu ina mlima gani, kisha akaandika: “Dada, siku ya mwisho usiingie majini. Vuka na boti, ulale Dar, basi kesho yake.” Nikalipia kwake. Kituo chake ni cha SSI. Kingekuwa cha PADI, leo ningekuwa na kadi ya PADI.

Masomo ya nadharia niliyamaliza kwa simu nikiwa nyumbani Mbeya, mazoezi ya kuogelea nikayafanya Matema. Fomu ya afya niliijaza kabla ya kununua tiketi, maana jibu la “ndiyo” kwenye baadhi ya maswali, mfano ya pumu, linaweza kukutaka upate sahihi ya daktari. Baharini kilichonitesa ni kutoa maji kwenye miwani nikiwa chini. Hapo ndipo Kiswahili kilipolipa: tulipoibuka mwalimu alinieleza pua inafanya nini na kichwa kinaelekea wapi, bila mimi kutafsiri kichwani huku nimepaniki.

Sasa naitazama Nkhata Bay, Malawi, kwa kupitia mpaka wa Kasumulu. Ziwa Nyasa liko mita zipatazo 475 juu ya bahari, na kuanzia mita 300 mahesabu ya mbizi hubadilika, kwa hiyo kupiga mbizi kwenye mwinuko nitajifunza kwanza. Shangazi kafurahi, anasema angalau hao samaki ni wa kwetu.