Siku moja maishani mwangu: dogo, kadi ya 3080 na pawa saplai ya mchongo

Saa 11 na dakika 40 alfajiri alamu inalia, naizima, inalia tena, naizima tena, mara ya tatu ndo naamka. Nakaa Tabata na duka liko Kariakoo, sasa ukitoka nyumbani baada ya saa 12 na nusu umeshaumia, foleni itakula asubuhi yako yote na daladala utasimama mguu mmoja.

Saa 2 kasoro nafungua. Usifikirie duka kubwa, ni kichumba ghorofani, meza moja, feni moja, mimi na kijana wangu wa kazi ambaye mpaka leo anakaza skrubu za kompyuta kama anafunga tairi la Fuso. Mteja wa kwanza mzee mmoja na printa yake, shikamoo mzee, marahaba, karatasi ilikuwa imenasa nyuma kule, dakika 5 kaondoka. Wa pili laptopu imemwagikiwa chai, hiyo nimeiweka pembeni kwanza ikauke mana ukiiwasha na unyevu umeiua.

Saa 3 na robo ndo kazi yenyewe ikaingia. Dogo mmoja kashuka na bajaji, kabeba gaming PC kaifunga kwenye kanga ya mama yake, taa za rangi zote mpaka kwenye feni. Anahema. "Kaka fundi, hii kitu inanizimikia kila nikianza gemu." Kumbe kashapita kwa fundi mwingine, kabadilishiwa ram (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), kapigiwa Windows upya mara mbili, na wiki iliyopita kaambiwa kadi ya picha, ile inayochora gemu kwenye skrini, imekufa aiuze kama spea. Kadi yenyewe RTX 3080 ya mtumba, kaidundulizia miezi kibao kutoka kwenye kadi yake ya zamani, RX 580.

Mimi kabla sijashika bisibisi nauliza swali moja: inazimaje? Watu wanadhani kuzima ni kuzima tu, hapana. Gemu ikijifunga yenyewe ukarudi kwenye desktopu, au skrini ikawa nyeusi huku sauti inaendelea, mimi naanza na draiva (programu inayoiendesha kadi) au kadi yenyewe. Ikija skrini ya bluu kila siku na namba ya kosa tofauti naanza na ram. Ila kama ni giza tupu, feni zote kimya, kama mtu kachomoa waya ukutani, hapo macho yangu yanaenda kwenye umeme moja kwa moja. Dogo akasema ni hiyo ya mwisho, af kaongeza kitu ambacho yule fundi wa kwanza hakumuuliza: ikishazima, kitufe cha kuwashia hakifanyi kazi mpaka azime swichi ya nyuma asubiri kidogo ndo inawaka. Hiyo ni pawa saplai, lile boksi la ndani linalogawa umeme, inajilinda na kujifunga. Nikamwambia dogo kaa hapo, kunywa maji.

Saa 4 nimeiwasha. Dukani nna stabilaiza na soketi nnayoiamini, mana kuna mwaka niliwahi kuhukumu pawa saplai ya mtu, akanunua mpya, akafika kwake ikazima vilevile, kumbe shida ni ekstensheni ya elfu tano iliyobeba friji, pasi na kompyuta. Aibu ile sijaisahau. Kwa hiyo siku hizi nataka ifie mbele yangu kwanza.

Nimefungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, Kernel-Power 41 zimejipanga kama foleni ya Ubungo. Sasa hapa ndo vijana wengi wanapotea, wanaona neno Power wanakimbilia kununua pawa saplai. Hiyo 41 inasema tu kwamba mashine iliondoka bila kuaga, haisemi nani kamuua. Nilichoangalia mimi ni BugcheckCode, namba ya kosa la Windows, ilikuwa 0 kote, na folda ya Minidump inakowekwa ripoti za kuanguka ilikuwa tupu, maana yake Windows haikupata hata nafasi ya kuandika imekufa kwa nini. Inaelekea upande wa umeme ila bado sio ushahidi.

Saa 4 na nusu nimewasha FurMark, programu ya kuikamua kadi, pembeni HWiNFO inaonyesha joto. Dakika ya nne, tak! Giza. Joto la mwisho kuliona kadi digrii 71, prosesa 64, kwa hiyo joto sio mkosaji. Nikaingia MSI Afterburner nikashusha pawa limiti ya kadi, yaani umeme inaoruhusiwa kula, mpaka asilimia 60, nikaacha nusu saa nzima, inaunguruma tu haina habari. Nikapandisha 100, dakika tatu, tak. Dogo akaanza kucheka peke yake.

Saa 6 nikaitoa pawa saplai nisome lebo, na hapa nakaa kidogo mana ndo penye utamu. Kwenye boksi na ubavuni imeandikwa 750W kwa herufi kubwa za dhahabu, na kweli NVIDIA wenyewe wanapendekeza wati 750 kwa 3080, kwa hiyo dogo alikuwa na haki kabisa kuamini anatosha. Ila shuka chini kwenye jedwali dogo lile, mstari wa 12V, yaani umeme wa volti 12: ampia 38. Zidisha, 38 mara 12 ni 456. Hizo ndo wati zake za kazi, mana kadi na prosesa vyote vinakula kwenye 12V. Sasa piga hesabu, kadi 320, prosesa yake Ryzen 5 3600 ikikazwa inafika 88, hapo ni 408 hujaweka mazabodi, diski na hizo taa zake za disko. Na 3080 ina tabia mbaya, kwa milisekunde chache inaruka hadi juu ya 400 peke yake. RX 580 ilikuwa inakula 185 tu, ndo mana enzi hizo mashine ilikuwa mtakatifu.

Kingine, kadi ina soketi mbili za pini 8, kila moja inaruhusiwa hadi wati 150, yeye kaunga zote kwa waya mmoja wenye vichwa viwili. Pawa saplai haina waya wa pili, utamlaumu vipi.

Saa 7 swala na wali maharage. Laptopu ya chai bado inanuka tangawizi.

Saa 8 nikairudisha nikapima na mita, ncha moja waya wa njano wa 12V, nyingine mweusi. Ikiwa imetulia volti 12.06, safi, na wengi wangeishia hapo wakasema nzima. Nikaibebesha mzigo: 11.7, 11.5, 11.28, tak. Mwisho unaoruhusiwa ni 11.4. Na mita hii ni ya taratibu, huko ndani ya milisekunde imeshuka chini zaidi sijaiona tu. Kijana wangu akataka aifungue aangalie kapasita kama zimevimba, nikamzuia mkono, mle ndani kuna kapasita inashika zaidi ya volti 300 hata ukiwa umechomoa, tusije kuzikana kwa ajili ya mchongo wa watu.

Saa 9 nikafunga ya kwangu ya dukani, 850W, 12V ampia 70, nyaya mbili tofauti kwenye kadi. FurMark na Prime95, hii ya kuikamua prosesa, kwa pamoja, saa nzima. 12.02. Haitikisiki. Dogo akataka atumie nyaya zake za zamani eti zina rangi nzuri, nikamwambia usithubutu, kichwa kinaingia ila upande wa pawa saplai kila kampuni inapanga pini inavyotaka, utachoma diski zote.

Saa 11 jioni katuma hela, nimemchukulia mpya duka la chini, laki nne na kidogo, roho imemuuma lakini kadi yake nzima. Akaifunga tena kwenye kanga, ile mbovu akaniachia.

Saa 3 usiku niko nyumbani simu inaita, ni yeye. Kacheza saa mbili haijazima. "Af kaka, ile ya zamani, si inaweza kumtosha mdogo wangu na ile RX 580?" Nikamwambia nshaikata waya. Nlikuwa bado sijaikata, kesho nikifungua duka ndo kitu cha kwanza.