Mpwa Wangu Aliuliza Kama Huwa Wanazungumza

Jumamosi usiku

Baada ya sala ya magharibi nilipanda darini na mpwa wangu ili nimwonyeshe Tiangong, kituo cha anga za juu cha Wachina, ambacho programu ya simu ilisema kingepita juu ya Mombasa saa moja na robo. Kilitokea kaskazini-magharibi, nukta nyeupe isiyopepesa, kikapita kimya juu ya minazi, na kabla hakijafika upande wa bahari kikaingia katika kivuli cha dunia, kikafifia na kutoweka. "Mjomba, na kile cha Wamarekani?" Nikamweleza kwamba kile ni cha mataifa mengi, hata Warusi wamo, ila Wachina hawamo. Ndipo akauliza kama watu wa huku na wa kule huwa wanazungumza. Nilimjibu kwa mkato kwamba hawazungumzi, tukashuka, lakini swali lake halijaniacha nilale.

Sheria iliyopitishwa na Bunge la Marekani mwaka 2011, ambayo hutajwa kwa jina la mbunge Frank Wolf, inaizuia NASA, shirika la anga za juu la Marekani, kutumia fedha zake kushirikiana moja kwa moja na serikali ya China bila idhini maalumu. Hofu iliyo nyuma yake si ya bure, kwa sababu roketi inayompeleka mwanaanga juu na kombora linalobeba bomu la nyuklia ni ndugu wa tumbo moja. Wamarekani wanalijua hilo vizuri: Qian Xuesen, mtaalamu aliyesoma na kufundisha kwao California na kulitumikia jeshi lao wakati wa Vita Kuu ya Pili, walimshuku kuwa mkomunisti, wakamzuia kwa miaka mitano, na mwaka 1955 wakamwachia arudi China, ambako alisimamia ujenzi wa makombora. Sidhani kama kuna taifa lililowahi kumpa hasimu wake zawadi kubwa kuliko hiyo.

Linalonisumbua zaidi ni namna wanavyogombana wakiwa wamekaa jengo moja. Tarehe 11 Januari 2007 China ilirusha kombora likaipiga setilaiti yake kuukuu ya hali ya hewa, Fengyun-1C, katika kimo cha kilomita 860 hivi, na vikabaki vipande zaidi ya 3,000 vinavyoweza kufuatiliwa kwa rada, ambavyo katika kimo hicho huchukua miongo mingi kabla ya kuanguka. Februari 2008 Marekani nayo ikaipiga setilaiti yake kwa kombora lililorushwa kutoka melini, ikidai kwamba sumu ya mafuta yake ingedhuru watu. Hiyo ilikuwa chini sana, na mabaki yake yakaungua upesi, lakini aliyetakiwa kuelewa alielewa. Mwezi huohuo, kwa kichekesho cha aina yake, majeshi ya pande mbili yalitia saini makubaliano ya kuwa na simu ya moja kwa moja.

Simu yenyewe hupokewa kukiwa na amani. Agosti 2022, baada ya Nancy Pelosi, Spika wa Baraza la Wawakilishi la Marekani wakati huo, kwenda Taiwan, kisiwa ambacho China inadai ni chake, China ilifuta mazungumzo ya makamanda. Februari 2023, Marekani ilipolitungua puto la China ililodai ni la upelelezi nje ya pwani ya South Carolina, Waziri wa Ulinzi Lloyd Austin aliomba kuzungumza na mwenzake siku ileile, akakataliwa. Wenye silaha za kuimaliza dunia walinuniana kama wake wenza, mpaka Biden na Xi Jinping walipokutana California Novemba mwaka huo na kukubaliana kwamba majeshi yaanze tena kusemezana.

Huko juu hakuna nafasi ya kununa. Novemba 2021 kituo cha kimataifa kililazimika kusogezwa ili kukwepa kipande cha Fengyun-1C, miaka 14 baada ya mlipuko, na mwaka uleule Tiangong ilisogezwa mara mbili, Julai na Oktoba, kuzikwepa setilaiti za Starlink, zile za intaneti za kampuni ya Kimarekani ya SpaceX. Malalamiko ya China yalipitia Umoja wa Mataifa, kwa barua, mwezi Desemba. Barua! Vyombo hivyo huizunguka dunia kwa dakika 90 hivi.

Baada ya kuzipitia kumbukumbu zangu nimeona kwamba jibu nililompa kijana lilikuwa na kasoro. Oktoba 2025, katika mkutano wa wataalamu wa anga mjini Sydney, afisa wa NASA alisimulia kwamba kwa miaka mingi vyombo vya pande mbili vilipokaribia kugongana, wao ndio waliokuwa wakiwapelekea Wachina ujumbe: tulieni mlipo, sisi tutapisha. Safari hii, kwa mara ya kwanza, Wachina ndio waliotangulia kuwaambia hivyo.

Nitamweleza alfajiri. Kituo cha kimataifa kitapita saa kumi na moja na robo, na ameniomba nimwamshe.