Bodaboda anaishinda intaneti ya nyumbani kwangu

Jumatatu ndiyo siku yangu mbaya. Harusi nyingi hapa Dar hufungwa Jumamosi, Jumapili nashinda nakata na kuunganisha picha, na Jumatatu kuanzia asubuhi simu hazipoi: bibi harusi, mama yake, mwenyekiti wa kamati, na shangazi mmoja ambaye hata namba yangu sijui kaitoa wapi. Swali lao ni moja. "Mwanangu, video imefikia wapi?" Imefikia asilimia kumi na nane, shangazi. Iko hapo hapo tangu nimekunywa chai.

Nafanyia kazi nyumbani, Tabata, kwenye chumba kilichojengwa kiwe stoo. Nimefungiwa fiba, kifurushi cha chini kabisa, Mbps 10, yaani biti milioni kumi kwa sekunde, kwa sababu ukishatoa kodi, ada za watoto na umeme, mfuko unaishia hapo. Kampuni siitaji. Wenzangu wa kazi hii wapo kwenye makampuni mengine na kilio chao hakina tofauti na changu.

Niwape hesabu, maana wauzaji hawaigusi. Video ya harusi nzima, kanisani, ukumbini, na maharusi wakipigwa picha Coco Beach jua likizama, ikishaiva ina GB 6 hivi. Ukubwa wa faili unahesabiwa kwa baiti, kasi ya intaneti inahesabiwa kwa biti, na baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo GB 6 ni biti bilioni 48. Kwa Mbps 10 kamili, faili lingeondoka kwa saa moja na dakika ishirini. Ningeweka chai, ningenyoosha mgongo, maisha yangeendelea. Lakini ile 10 ni ya kushusha tu, yaani kupokea. Ya kurusha, yaani kutuma, ni 3. Kwenye kipeperushi haimo, na kijana aliyekuja kunisajili hakuitamka. Niliiona nilipopima mwenyewe. Kwa 3, faili lile lile linakula karibu saa nne na nusu, na hapo ni kama mtandao haujakata katikati. Ukikata, kuna tovuti zenye ubinadamu zinazoendelea palipoishia, na kuna zile zinazokurudisha sifuri bila hata pole.

Yaani aliyepanga vifurushi hivi alikuwa na mteja wake kichwani: mtu amekaa sebuleni anatazama. Kwa mtu huyo Mbps 10 inatosha vizuri tu. Netflix wenyewe wanasema 5 inatosha kwa picha ya HD kamili. Sasa angalia mtaani kwetu. Mwalimu wa nyumba ya pili anafundisha tuisheni kwa Zoom. Dada wa magauni anarusha mitindo yake mipya Instagram kila jioni. Mimi na harusi zangu. Sote tunatuma kuliko tunavyopokea, na sote tumo kwenye kifurushi cha watazamaji.

Kuna jambo jingine watu wengi hawalijui, na linaleta ugomvi majumbani. Njia ya kurusha ikijaa, hata kushusha kunalemaa. Ukifungua ukurasa wowote, simu yako lazima itume ombi kwanza, na ombi hilo linapita njia ile ile ndogo ambayo faili langu la GB 6 limelala katikati yake. Kwa hiyo nikianza kurusha, katuni za watoto zinazunguka tu, na mke wangu akiongea na mama yake aliye Songea kwa WhatsApp sauti inakatika, inakuwa ya roboti. Hahitaji kuja kuangalia. Anapiga kelele toka jikoni: "Baba Neema! Umeanza kurusha tena?" Siku hizi nimeweka kikomo kwenye programu ninayotumia, isizidi Mbps 2, nyumba ipumue. Ndoa imepona, ila saa nne na nusu zimekuwa zaidi ya sita na nusu.

Haya yote nayavumilia. Kisichovumilika ni saa mbili usiku.

Alfajiri saa kumi kifurushi changu ni cha kuaminika, 10 inasoma 10. Mchana kinachechemea kidogo. Ikifika saa mbili usiku, taarifa ya habari ikianza na watu wote wamerudi kutoka mjini, nikipima napata 4, siku nyingine 2. Uzi wa fiba wenyewe hauna kosa. Katika mfumo wa GPON, ambao ndio umeenea kwenye fiba za majumbani, uzi mmoja hubeba karibu Gbps 2.5 (Gbps moja ni Mbps elfu moja) kwenda kwa wateja na 1.25 kurudi, ukigawanywa kwa nyumba 32 au 64. Gawanya 2.5 kwa nyumba 64, kila moja inapata zaidi ya Mbps 38. Sisi wa 10 hatuwezi kuujaza hata tukikesha. Msongamano uko mbele zaidi, kule kampuni inakonunua uwezo wa kwenda nje ili ituuzie sisi rejareja. Ni pilau la kamati iliyochangisha kwa wageni mia, ikagawa kadi mia tatu.

Nilipiga huduma kwa wateja. Baada ya muziki mrefu akapokea dada mwenye sauti nzuri.

"Umeshajaribu kuzima rauta ukawasha, kaka?"

"Nimezima, dada."

"Uiache dakika moja ndiyo uwashe."

"Niliiacha tano."

"Taa zinawaka rangi gani?"

"PON kijani, LOS imezimika." Nimeshakuwa fundi nusu: taa hizo zinasema mwanga wa fiba unafika.

"Basi huku kwetu laini yako inaonekana iko sawa. Kwa matumizi yako, nakushauri upandishe kifurushi."

Jirani yangu wa ghorofani alipandisha, yuko kwenye 20. Saa mbili usiku tunakutana wote kwenye 4, yeye akiwa amelipa zaidi. Nilipomwambia dada habari za jirani, akanipa namba ya tiketi na kunitakia jioni njema.

Fundi alikuja siku kadhaa baadaye, kijana mstaarabu. Akachomoa ule uzi mwembamba nyuma ya rauta, akaufuta ncha kwa kitambaa chake, akauchomeka kwenye kifaa cha kupimia mwanga. Kikasoma hasi 19. Akanionyesha kioo. "Kaka, hapa mwanga umenyooka kabisa. Ikifika hasi 27 huko ndiyo tungeongea mengine." Nikamuuliza, sasa usiku inakuwaje? Akatazama mlangoni kama kuna bosi amesimama. "Huku juu wamejaa, kaka. Ila mimi sijasema." Kisha akapima kasi kwa simu yake, saa tano asubuhi, ikasoma 10 safi, akapiga picha ya kioo, tiketi ikafungwa. Vipimo vingi vya namna hiyo hujichagulia seva iliyo karibu, mara nyingi ya hapa hapa Dar, kwa hiyo hata hiyo 10 inakueleza habari za safari fupi tu. Faili langu linakwenda kulala Ulaya.

Sisemi intaneti isikorofishe kamwe. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Nilikuwa na video ya sendofu mkononi, Jumapili, na hakuna kilichotoka. Hata shangazi za watu walielewa, maana ilitangazwa mpaka redioni kuwa ni nyaya. Tukasubiri. Ubovu wenye maelezo mtu unaubeba. Huu wa kila usiku hauna maelezo, na ukiuliza unaambiwa ongeza hela.

Kwa hiyo wateja wa mjini nawatumia bodaboda. Flashi ya GB 16 kwenye bahasha, kijana anatoka Tabata mpaka Mikocheni kwa dakika arobaini, foleni ikiwepo. GB 6 kwa dakika arobaini ni Mbps 20. Nimepiga hesabu hiyo mara nyingi kwa sababu inanifurahisha na kuniudhi kwa pamoja: bodaboda, pamoja na kusimama kujaza mafuta, ni mara mbili ya kifurushi changu cha kushusha, na kwenye kurusha hata tusilinganishe.

Tatizo ni wa mbali. Harusi ya juzi kaka wa bibi harusi yuko Muscat, hakupata ruhusa kazini, na alichangia kuliko ukoo mzima. Yeye hasubiri flashi. Nikaweka kengele ya saa tisa usiku, nikaanza kurusha watu wamelala, Mbps 3 zote zikiwa zangu peke yangu. Saa moja na nusu asubuhi akawa nayo. Akanitumia ujumbe wa sauti, analia na kucheka, halafu mwishoni: "Sasa fundi, mbona umeipunguza ubora?" Sikuipunguza, kaka. Ulikuwa unaitazama mtandaoni kabla hujaishusha yote.

Kama uko Tabata na kampuni yako inatoa kasi ya kurusha inayoeleweka kwenye kifurushi cha chini, naomba unijulishe. Ila usiniletee kipimo cha saa sita mchana. Nipimie saa mbili usiku, siku ya mechi.